Fimbo ya Kupimia Dizeli

Miaka ya sabini, kabla sijahamia kwingine kama kawaida yangu, nilizunguka Kasulu na Kibondo nikiwafundisha wenye vituo vya mafuta kupima matangi yao na kutuma ripoti. Bila kipimo kilichothibitishwa na mkaguzi kutoka Kigoma mjini, lori la dizeli halikuletwa.

Siku ya ukaguzi, mzee mwenye kituo pale Kasulu alitoa fimbo ya kupimia inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mkaguzi akaitumbukiza tangini, akaivuta. Imeng'aa juu hadi chini, alama ya dizeli haionekani.

"Mzee, umeipaka nini?"

"Mawese, bwana mkubwa. Nikupe fimbo iliyopauka, watu wa Kigoma mnicheke?"

"Nimekuja kupima, sikuja kuposa!"

Kichwani nikaliona lori la dizeli likitupita hivi hivi kwenda Kibondo. Nikachota majivu jikoni kwa mke wa mzee, tukaisugua fimbo mpaka ikakauka. Ilipotumbukizwa tena, alama ilionekana wazi, na mkaguzi akasaini.

Lori lilipokuja, mzee alisimama kando ya barabara akilipungia mikono yote miwili kwa furaha. Dereva akadhani anaombwa lifti, akakanyaga mafuta. Tulilikimbiza hadi sokoni.