Twiga Kumi na Wawili Bila Namba ya Baba

Baba alipofariki, mwishoni mwa miaka ya tisini, aliniachia tezo mbili za kuchongea na namba yake. Katika kikundi chetu cha wachongaji pale Wamunyu, kila mtu aliandika namba yake chini ya kinyago, na mkaguzi, mzee mmoja mkali, aliisoma kabla ya kukagua chochote. Wanawake kazi yao ilikuwa kupiga msasa. Mimi, ingawa ni mwanamke, nilichonga kwa namba ya baba, na kwa miaka minne hakuna twiga wangu hata mmoja aliyerudishwa.

Watu walinisifu, nami nilizichukia sifa zao. Nilijiambia kwamba mzee anaiheshimu tu namba ya rafiki yake marehemu, na kwamba ipo siku nitaumbuliwa mbele ya watu. Kila twiga alipopita, nilijiona mwizi.

Mwishowe nikachoka kuogopa. Nilichonga twiga kumi na wawili, nikawaandika namba mpya, nikamwomba jirani awapeleke aseme ni wa mwanachama mpya. Niliapa kwamba wakikataliwa, tezo naziweka chini, narudi kwenye msasa. Siku ya ukaguzi nikajibanza nyuma ya watu.

Mzee alisoma namba, akakunja uso. Akawapapasa mmoja mmoja, shingo, magoti, kwato, na kuwapanga upande wa waliopita. Wa kumi na mbili alimgeuza mara mbili.

"Hii rudisha. Mguu imepasuka, na huyu mtu amejaza nta ndio nisione."

Watu wakacheka, maana hila hiyo ya nta kila mchongaji ameijaribu. Mimi nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Mtu anayemrudisha mmoja hivyo, bila huruma, hakuwapitisha wale kumi na mmoja kwa huruma.

"Ni wangu!" nikapaza sauti. "Wote ni wangu!"

Mzee akanitazama juu ya miwani. "Aka! Sasa ulikuwa unajificha nini? Zile za namba ya baba yako ndio mimi hukagua sana. Sitaki mtu aharibu jina yake."

Miaka minne nilikuwa nimepimwa kwa kipimo kigumu kuliko wenzangu wote, na nilipita. Nilimchukua yule aliyekataliwa, nikaikwangua nta mpaka ufa ukaonekana wazi, nikapita naye katikati ya soko nikisalimia kila mtu.