Pembeni mwa Ubatizo wa Darius

Kuna watu wanaosoma kwa macho, na kuna Odette, asomaye kwa kidole, asiruke hata doa. Mama huyu wa mtaa wa Buterere aliikimbia vita ng'ambo ya mpaka, na kila Jumanne aliziacha mboga zake sokoni akaenda parokiani kujitolea. Kazi ilikuwa kunakili vitabu vya parokia yao ya zamani huko ng'ambo, vilivyookolewa kanisa likiungua, vikavushwa mto Rusizi ndani ya magunia ya mchele. Kimoja kilitobolewa na risasi, jalada hadi jalada.

Cha maziko ndicho kilichowatoa jasho. "Amekatwa panga njiani. Amekatwa panga. Mtoto wa miezi minne, panga." Odette alisoma kwa sauti, mwenzake Benite akaandika katika daftari jipya, mmoja mdomo, mwingine mkono. Odette akikwama kwenye jina la mtu aliyemjua, Benite humwambia, "Kunywa maji, Mama Divin. Huyu maiti ametungoja miaka yote, dakika mbili hazimuui." Wakacheka cheko baya, wakaendelea.

Jumanne moja Benite alichelewa. Alikwenda kwa fundi mtaa wa Asiatique kupimwa gauni. Jumamosi angeolewa na Darius, fundi wa kuchomelea vyuma, mtaratibu machoni pa watu. Darius alikuwa wa parokia ileile iliyoungua, na kabla magunia hayajafika alimwapia Padri Jérémie kwamba hajaoa, na vitabu vyao vilikwisha vyote motoni.

Odette akafungua kitabu cha ubatizo peke yake. Kidole kikasimama. Darius, amebatizwa. Na pembeni, pale mapadri wanapoandika ndoa ya mtu kando ya ubatizo wake: amefunga ndoa na Amandine, tarehe kumi na mbili Agosti, 2017.

"Mama Divin." Darius mwenyewe alikuwa mlangoni. "Benite aliniambia mumefikia ubatizo. Andika jina langu tu. Ile ya pembeni, uache."

"Amandine anaishi?"

"Hiyo haikuangalie."

"Nakuuliza we mutoto. Anaishi ao alikufa?"

"Anaishi! Na watoto wawili wanaishi! Utanifanya nini?"

Darius akanyoosha mkono kukinyakua kitabu; Odette akalilalia daftari na kitabu pamoja. Darius akanyanyua kigoda akakishusha juu ya mkono wa kuume wa Odette, mara ya kwanza, ya pili. Vidole vitatu vikavunjika, mlio wake ukasikika kama kuni kavu. Odette akalidaka sikio la Darius kwa meno, akang'ang'ania hadi damu ikamjaa kinywani. Kigoda kikamshukia begani, akaachia. Darius akauchana ukurasa, akausokomeza mdomoni, akatafuna, sikio likimchuruzika.

"Soma sasa! Soma basi, mama!"

Wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi kanisani walisikia makelele. Wa kwanza kuingia alikuwa Pascaline na fimbo ya ngoma. Hakuuliza, alimpiga nayo Darius mdomoni. Wengine wakamrukia. Walimpiga kwa viatu, kwa makonde, kwa kile kigoda chake, mpaka Padri Jérémie akajitupa katikati kumtoa asife. Darius akainua kichwa, meno mawili chini, akacheka: ukurasa alikuwa ameumeza.

Benite alifika pini za fundi cherehani zingali zimechomekwa kwenye mkono wa blauzi yake. Wakamweleza.

"Hospitali kwanza," padri alisema.

"Apana, padri. Kalamu kwanza," akasema Odette, "mi ningali nakumbuka." Akaishika. Ikamponyoka, ikaanguka katika damu.

Benite akaiokota, akaipangusa kwa sketi, akavuta daftari.

"Soma, Mama Divin."

"Mwanangu, acha padri aandike."

"Nimesema usome."

Odette akafumba macho, akasoma bila kitabu: jina la Darius, la baba yake, la mama yake, siku ya ubatizo. Akafika pembeni, akafumbua macho kumtazama Benite.

"Ni Amandine, sivyo?" Benite akaandika jina hilo polepole, herufi kwa herufi. "Agosti ngapi?"

"Kumi na mbili."

Akaandika. Akamsukumia padri daftari atie sahihi, kisha akampitishia Odette mkono kiunoni.

"Haya, egemea kwangu. Twende wakufunge hivyo vidole."