Siku Nilipowageuza Wanafunzi Wangu Kuwa Nukta za Grafu

Aibu nyingine hupungua mtu akizisimulia, ndugu zangu; hii yangu haijapungua. Hata leo nikiona meta ya mbao, ile rula ndefu ya ubaoni, imeegemezwa ukutani katika darasa la mwalimu mwingine, masikio yangu hupata moto. Anayetaka kunicheka anicheke mapema, kwa sababu mbele kidogo hapachekeshi tena.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, nikiwa na imani kubwa kuliko akili, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba hesabu ingeweza kufanya kile ambacho hotuba zote za redioni zilishindwa kukifanya. Nilikaa Nyakabiga, na kila Jumamosi nilikwenda Kinama kuwafundisha bure vijana ambao vita viliwakatisha shule, chini ya bati la karakana ya seremala mmoja. Katika miaka ile (walioiishi wataelewa) mtu wa Nyakabiga hakwenda Kinama bila kuulizwa anafuata nini huko, maana kati ya mitaa hiyo miwili ilikuwa imepita damu. Mimi nilijibu kwa fahari kwamba ninafuata wanafunzi.

Aliyekuwa hodari kuliko wote aliitwa Hadija. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa taifa, na mama yake, mjane aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, kando ya barabara, aliniachia binti huyo kwa shida. Aliniambia, "Mwalimu, kwangu amebaki huyu tu. Nakupatia yeye, unirudishie yeye." Nikamwahidi. Niliahidi upesi sana, kama waahidivyo watu ambao hawajapoteza kitu.

Jumamosi hiyo somo lilikuwa grafu ya mlinganyo wa mstari: igreki, yaani y, ni sawa na iksi, yaani x, mara mbili, kuongeza moja. Lakini chaki ilikuwa imekwisha, na kwa vikwazo vya biashara vya wakati ule kuipata nyingine ilikuwa kazi. Ningeweza kuahirisha somo. Badala yake nikasema, "Twendeni nje, leo ninyi wenyewe mtakuwa grafu," na neno hilo dogo ndilo lililozaa mengine yote.

Kando ya barabara palikuwa na kiwanja kitupu. Nikatandaza kamba mbili zikakatana: moja kwenda kulia, mhimili wa iksi, nyingine kwenda mbele, mhimili wa igreki, na pale zilipokutana ndipo sifuri. Kila mwanafunzi nilimpa iksi yake, akokotoe igreki, kisha atembee kwanza kulia hatua za iksi, halafu mbele hatua za igreki, asimame hapo. Wa sifuri akasimama kwenye moja, wa moja kwenye tatu, wa tatu kwenye saba. Nikawaambia wanipe mgongo, mikono chini, wasitikisike. Kisha nikaenda nyuma yao, nikaiinua meta ya mbao hadi begani na kufumba jicho moja, kama nilivyomwona seremala akipima unyofu wa ubao wake, ili nione kama mstari umenyooka.

Haukunyooka. Hadija, mwenye iksi ya mbili, alikuwa ameanza na igreki: hatua tano kulia, mbili mbele. Nikapaza sauti, "Hadija! Uko nje ya mstari! Rudi kwenye mstari, haraka!"

Wakati huohuo mama yake alikuwa akipita barabarani na beseni kichwani. Nitazameni nanyi kwa macho yake: kijana wa Nyakabiga ameelekeza kitu kirefu kwenye migongo ya watoto waliopangwa, naye anamwamuru binti yake aingie miongoni mwao.

Beseni lilianguka. "Wanawapanga! Wanawapanga batoto!"

Milango ya maduka ikafungwa kwa kishindo, akina mama wakafunga watoto migongoni, magodoro yakatoka madirishani, gari la abiria likageuza likarudi lilikotoka. Nami (hapa ndipo pa kunicheka) nikawakimbilia ili niwatulize, meta ingali begani, nikipiga kelele, "Ni igreki! Ni igreki tu!" na kadiri nilivyowakimbilia ndivyo walivyozidi kukimbia, mpaka mtaro uliponipokea, na wanaume wanne wakanitoa humo kwa kola ya shati.

Mkuu wa mtaa, ambaye wote walimwita shefu, akaja akiwa amevaa kiatu kimoja.

"We ni mutu wa wapi?"

"Nyakabiga. Mimi ni mwalimu."

"Mwalimu wa kupanga watu?"

"Ni grafu, shefu. Ni hesabu."

"Basi fundisha. Apa apa. Na sisi tuone."

Nikapiga magoti vumbini mbele ya mtaa mzima, nikachora mihimili kwa kidole, nikaanza kuweka mawe. La sifuri likakaa vizuri, la moja pia, la tatu pia. Lakini kwa haraka ya kumaliza, jiwe la mbili nikalipeleka tano kulia, mbili mbele: kosa lilelile nililomkemea Hadija.

"Ata mawe inakataa mustari yako!" akasema mwanamke mmoja, na watu wakacheka kicheko kikavu, kisicho na furaha.

Mama yake alikuwa amemshika mkono Hadija kwa nguvu. Binti akasema taratibu, "Mwalimu, kwanza iksi."

Nikalisogeza. Mstari ukanyooka. Shefu akautazama, akautazama tena. "Ni iyi tu? Kwa iyi watu wameacha nyumba zao?"

Mama Hadija hakuutazama. "Amekwisha kusoma," akasema. "Umenirudishia. Asante."

Jumamosi iliyofuata nilifika na chaki niliyoiomba kwa rafiki, nikakuta mabenchi na seremala peke yake, akipiga randa bila kuniangalia. Nikaenda barabarani kuomba radhi.

"Mi sijue hesabu, mwalimu," Mama Hadija akanijibu, akipunga nzi juu ya samaki. "Baba yake walimupanga mustari. Kaka zake vilevile. Mi nilikuwa mu barabara kama Jumamosi yako, na beseni kichwani. Siku yao nilinyamaza."

Nilipogeuka kuondoka, Hadija, aliyekuwa akipanga mafungu nyuma ya mama yake, akaniuliza, "Mwalimu, mtihani ni lini?"

"We," mama yake akamwambia, bila ukali, "funika samaki."

Nimeufundisha mlinganyo ule mara nyingi tangu hapo, kwa chaki, kwa mawe, kwa punje za mahindi mezani. Lakini sijamwambia tena binadamu asimame mahali ili mimi nione kama mstari wangu umenyooka, wala sitamwambia.