Pole ya Hesabu

Juzi nilikuwa kwa fundi wa baiskeli pale Barani, nikingoja kuzibiwa pancha, nilipomwona binti wa chuo cha ualimu ameketi peke yake nje ya ukuta wa makaburi, ng'ambo ya njia. Kitabu mapajani, macho chini, mkono shavuni, ameshika tama.

Mama mmoja apitaye na beseni la mahamri akasimama, akalitua, akaketi ubavuni pake.

"Pole, mwanangu."

"Ahsante, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mungu atakupa subira."

Akapita mwingine, naye akaketi. Wa tatu akaleta mkeka. Fundi wangu akaiacha pancha, akaiweka sawa kofia yake, akavuka njia. Nami nikafuata, nani abaki kando mwenziwe akifiwa?

"Tumempoteza nani?" fundi akauliza taratibu.

Binti akatutazama sote. "Hakufa mtu, jamani! Bwenini kila kitanda kina redio yake, na kesho asubuhi nina mtihani. Nimetafuta mahali pa kimya nisome."

"Wasoma nini?"

"Hesabu."

Mama wa mahamri akatikisa kichwa. "Basi pole yetu haikupotea," akasema, wala hakuinuka.

Mahali pa kimya kwetu hapakosekani. Kinachokosekana ni ruhusa ya kukaa hapo peke yako. Binti alifunga kitabu, akapokea hamri moja, akaaga.

"Waenda wapi tena?"

"Narudi bwenini, mama. Kule kuna kelele, lakini hakuna anayenihurumia."