Mota Niliyomfungia Mama

Mota ya cherehani niliifunga mimi mwenyewe, na mpaka leo nikiikumbuka napandwa na hasira. Mama ameshona kwa kukanyaga tangu sijazaliwa. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba: yeye dirishani, mimi kwenye meza ya kukatia. Wateja wote wanamwita Fundi, hata wanaomzidi umri.

Alipoanza kulalamikia miguu, sikumwelewa. Haiumi, alisema, ila ndani yake kuna kitu kinatambaa, na asipoisogeza atapiga kelele. Hali hiyo ilimwanza jioni akishakaa, ikazidi akilala. Baba alihamia kwenye kochi akidai amechoka kupigwa mateke usiku kucha na beki wa timu. Tukacheka. Mama hakucheka, maana alikuwa anaamka macho mekundu kila siku. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nikajifanya daktari. Miaka yote hiyo ya kukanyaga, nikawaza, lazima miguu imechakaa. Nikanunua mota, nikaondoa mkanda wa kanyagio, nikamwambia sasa kazi yake ni kugusa swichi tu kwa ncha ya mguu. Wiki nzima nilijisifu mbele ya wateja.

Mambo yakaharibika. Shida iliyokuwa ya jioni ikaanza kumjia alasiri. Anashona kidogo, anasimama, anazunguka meza, anakaa, anasimama tena. Kwenye gauni la bibi harusi akaunga mkono wa kushoto upande wa kulia. Niliufumua huku nimeuma meno, kisha nikamfokea, mama yangu mzazi, kwamba mtu mzima anashindwaje kukaa. Akainama kuokota pini sakafuni. Hapo nikaamua: gauni hilo likiisha, namwondoa kwenye cherehani, abaki na vifungo na pasi. Sikumwambia, lakini alijua. Akaanza kuifuta cherehani vumbi kila asubuhi kama mtu anayeaga.

Nikampeleka zahanati, angalau nisije kulaumiwa. Kila swali nililijibu mimi. Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alinivumilia, kisha akageuza kiti chake kumwelekea mama.

"Mama, miguu hiyo huwa inatulia lini?"

"Nikikanyaga cherehani," mama akasema. "Sasa sina cha kukanyaga."

Uso ukaniwaka. Mama akanigeukia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Miezi saba mnaniuliza inauma wapi, mwanangu. Hakuna aliyeniuliza inatulia lini."

Muuguzi akaeleza kwamba huu ni ugonjwa unaojulikana: miguu haitaki kutulia mtu akipumzika, na akiisogeza inapata nafuu. Alimtoa damu, na majibu yaliporudi yakaonyesha akiba ya madini ya chuma iko chini. Akampa vidonge, akamkataza kuvimeza na chai ya rangi, ambayo mama huinywa kutwa nzima, akamwonya kwamba nafuu itachukua wiki nyingi na huenda isiwe kamili. Akauliza kuna dawa gani nyingine nyumbani. Mama akatoa kwenye mkoba vidonge vya mafua, vile nilivyomnunulia vimletee usingizi. Muuguzi akasema vya aina hiyo mara nyingi huzidisha tatizo, aviache. Hivyo navyo nilinunua mimi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Niliing'oa mota siku hiyohiyo. Mkanda wa zamani nilishaukata vipande na kufungia mabaki ya vitambaa, kwa hiyo nilizunguka maduka matatu kutafuta mwingine, nikijilaani njia nzima. Jioni ile mama alikaa kwenye cherehani bila uzi wala kitambaa, akakanyaga robo saa, halafu akaenda kulala. Baba bado yuko kwenye kochi. Kuna siku miguu inamshinda mama, anatembea ukumbini akiisugua, na mimi naudhika, ila siku hizi naudhika na ugonjwa.

Gauni alilimaliza siku mbili kabla ya harusi, mikono yote mahali pake. Alikata uzi wa mwisho, akalikunja, akaliweka mezani kwangu pamoja na kikopo cha vifungo.

"Vifungo vishone wewe," akasema.

Nikachukua sindano, nikashona.