Nilimpa dinosaur jina la mama mkwe, halafu mama mkwe akaja

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi ni mtu wa butchery, nauza nyama hapa Kianjokoma, na hiki kisa ni changu. Sijaongeza chumvi, kimeniaibisha vya kutosha bila chumvi.

Niko na mabinti wawili. Kwetu mnajua, wa kwanza huitwa jina la mama yangu, wa pili la mama ya bibi yangu.

Huyu wa pili alipozaliwa nikajifanya mjuaji, nikataka kumpa jina nililookota kwa simu. Mama mkwe akasikia huko Ishiara. Nilirudi nyuma haraka, mtoto akaitwa Wanja kama yeye, lakini mama alikuwa ameshaumia.

Miaka minne hakukanyaga kwangu. Na mimi, kwa kiburi, sikuwahi kumwomba msamaha.

Sasa juzi nikamnunulia Wanja kitabu cha picha cha dinosaur pale kwa mitumba. Kitabu safi, kurasa ngumu, hata uji ukimwagika unapangusa tu.

Shida ni majina, wakuu. Jina moja linaanzia kwa mkia wa mnyama na kufika kichwani bado halijaisha! Kiingereza cha gazeti nasoma bila shida, lakini hapo nilikwama katikati.

Nikiwa nimekwama, Wanja akauliza, "Baba, huyu aliitwa jina la nani?"

Kwake kila mtu ameitwa jina la mtu. Nikaona njia ya kutokea. Mwenye shingo ndefu nikampa jina la jirani anayechungulia kwa fence. Mwenye pembe, jina la ndugu yangu.

Na yule mwenye meno, anayerarua nyama ukurasa mzima, nikasema ameitwa Cucu Wanja, yaani nyanya yake. Tulicheka sana. Ikawa ndiyo story yetu kila jioni nikifunga kazi.

Halafu bibi yangu akaniambia mama yake anakuja Jumamosi. Alikuwa na furaha mpaka akaimba akiosha vyombo. Akanionya, "Baba Wanja, tafadhali, usiharibu."

Nikaficha kitabu juu ya kabati. Nilisahau binti mkubwa anafika juu ya kabati.

Mama hajamaliza hata chai, Wanja akampandia mapajani na kitabu. "Cucu, angalia. Huyu ni wewe, Cucu Wanja."

Bibi yangu akaniangalia. Mimi nikaangalia kikombe. Niliogopa kweli, wakuu, nikajua miaka mingine minne imeanza.

Mama akavaa miwani. "Nani alimpa hili jina?"

"Baba!"

"Na anakula nini?"

"Nyama, cucu. Yote!"

Mama akafunga kitabu, akaweka kidole pale kwa ukurasa. "Baba Wanja," akasema kwa upole, "mtoto ulikataa kumpa jina langu. Huyu mnyama ulimpa bila hata kuombwa?"

Nikasema tu, "Mama, nilikosa. Hata ile mara ya kwanza nilikosa, na sikuwahi kukuambia."

Halafu akafungua kitabu tena. "Wanja, na baba yako ni nani hapa?"

Mtoto hakujua. Mimi mwenyewe sikuwa nimejiweka. Mama akapekua polepole mpaka akapata mmoja mwenye mwili mkubwa, kichwa kidogo kama ngumi.

"Huyu hapa," akasema. "Na tena anakula majani. Mtu wa butchery!"

Bibi yangu alicheka mpaka akatoka nje. Mama alilala kwetu siku tatu, na kila siku alisoma kile kitabu na Wanja. Mimi nikiingia wananyamaza, halafu wanacheka. Sijali. Sijawahi kufurahi kuchekwa hivyo.

Nilichojifunza: ukikwama kwa jina, mwambie mtoto hujui. Na kama lazima umpe dinosaur jina la mtu, anza na lako.

Nyinyi wenye watoto wadogo, hayo majina mnayasomaje? Na kuna mwingine ameumbuliwa na mtoto mbele ya wakwe, ama ni mimi peke yangu?

Nikichelewa kujibu, ni mama mkwe amepiga simu. Siku hizi anapiga kwangu moja kwa moja, anauliza kama wajina wake amekula.

Nikimuuliza yupi, mtoto ama mnyama, anasema wote wawili.