Musumari uliosahau kazi yake

Kabla watu wa Mpofi hawajawaletea kisa hiki kikiwa na chumvi nyingi, nakitoa mwenyewe, na kichwa siinamishi.

Kazi yangu ni kununua kasiteriti, madini ya bati. Sisi wanunuzi tunapitisha sumaku juu ya mchanga mweusi: chuma kinaruka na kushika sumaku, kasiteriti inabaki chini. Safari hii wanajeshi wa kwenye barieri ya barabarani walininyang'anya sumaku. Nikawacheka moyoni, maana kabla ya kutoka Masisi nilikuwa nimesugua musumari kwenye sumaku hiyo, hata ukaokota sindano. Kumbe chuma laini cha musumari hakitunzi nguvu ile. Kinaipoteza pole pole njiani, mufukoni mwako, nawe unatembea kifua mbele.

Kwa Mama Furaha, anayeuza kasiteriti pale Mpofi, niliona bakuli ya unga mweusi mulangoni. Nikazamisha musumari mbele ya wanunuzi wenzangu. Haukunasa hata chembe.

"Iko safi kabisa!" nikatangaza.

"Lakini Papa, hiyo…"

"Mama, niache. Sumaku haidanganyi."

Mwenzangu mmoja akasema unga ule haufanani na kasiteriti. Nikamwambia wivu unamsumbua, nikakumbatia bakuli.

"Nachukua yote!"

Mama Furaha akashika kiuno. "Papa, hiyo siuzishi. Bwana yangu ananoaka mapanga hapa na tupa. Iko unga ya chuma tupu."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilifunga unga ule katika kitambaa changu, fundo mbili.

"Ndiyo, njo vile," nikasema. "Chuma njo nilikuwa natafuta."